Walimkata Mwanangu Kimeo Nikiwa Safarini, Sasa Wanakataa Asipelekwe Hospitali

Admin, naomba unifiche jina, maana mume wangu na mawifi zangu wote wamo humu.

Nina miaka 31, naishi Tunduma, nauza mchele sokoni. Mume wangu ni fundi wa malori, kwao ni Ileje. Mungu ametupa mtoto mmoja wa kike, ana miaka mitano. Hapa nitamwita Tusa.

Tusa amekuwa akikoroma kama mtu mzima tangu akiwa mdogo. Mdomo wazi muda wote, makamasi hayaishi, koo linauma kila mara mpaka chakula anakiogopa. Ila kinachonitesa zaidi ni pumzi. Akiwa amelala anakoroma, halafu kimya, kifua kinahangaika hewa haiingii, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mwalimu wake wa chekechea aliniita akasema mtoto ni mkaidi, haitiki akiitwa. Ukaidi gani, na mimi nyumbani namuona anaisogelea televisheni mpaka anaigusa ndipo asikie?

Dawa za mafua nimenunua mpaka nimechoka. Mwishowe nikampeleka Mbeya kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akampima, akampiga eksirei ya shingo kwa upande, akanionyesha. "Mama, mafindofindo yake yamevimba, karibu yanagusana. Na hapa nyuma ya pua kuna nyama zimekua zimeziba njia ya hewa. Hizo ndizo zinafanya hata masikio yajae maji kwa ndani." Akasema kuna watoto ambao nyama hizo hupungua zenyewe wakikua, lakini anayekatika pumzi usingizini si wa kusubiri. Akatupangia tarehe ya upasuaji.

Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Tutaongea." Hatukuongea. Nikashuka Kamsamba kufuata mchele, mtoto nikamwacha na mama mkwe aliyekuja kutusalimia. Narudi, namkuta Tusa amejikunja kitandani, kanga imelowa mate yenye damu.

Mama mkwe akaniambia bila wasiwasi, "Mkwe wangu, nimekupunguzia safari. Kilikuwa kimeo tu, kuna mzee amekikata."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Tusa, ulijua?"

Akainamisha kichwa. Alijua.

Nilimbeba mtoto mpaka kituo cha afya, wakamwekea dripu, damu ikakata. Nesi akanisema mimi, eti wazazi wa siku hizi hatujifunzi. Kidonda kilipona. Kukoroma kuko palepale, na pumzi inakatika vilevile, kwa sababu waliondoa kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho hakikuwa na kosa.

Sasa ndugu zangu, sikieni kinachonitia wazimu. Tarehe ya Mbeya ni wiki ijayo, na mume wangu amekataa kabisa. Anasema, "Mtoto ameshakatwa, uliona alivyoteseka. Unataka akatwe tena? Wewe ni mama wa aina gani?" Yaani maumivu waliyompa wao ndiyo yamekuwa sababu ya kumnyima matibabu. Nikimwambia kule atalazwa usingizi, kuna madaktari, na kinachotolewa si kimeo, ananijibu koo ni koo. Mama mkwe naye anasema mtoto ataacha akikua, kwani hata baba yake alikoroma. Juzi mume wangu akamaliza kabisa: "Ukimpeleka, ukitoka huko Mbeya shukia kwenu Hasamba, hapa usifike."

Ningeweza kustahimili hayo yote. Lakini jana nilimwambia Tusa afungue mdomo nimwangalie koo. Akauziba kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani, akasema, "Mama, sitakoroma tena."

Tangu hapo sina raha. Ndoa yangu naipenda, na baba yake simwoni kuwa mtu mbaya, anaogopa tu. Lakini woga wake haumpi mtoto hewa. Nimpeleke kwa siri na nikubali kupoteza nyumba, au nisubiri baba yake alainike huku nikihesabu pumzi za mwanangu? Na kwa mama aliyepitia, mtoto aliyekwishatishwa hivi ulimwambiaje mpaka akakubali daktari amguse? Naombeni msiniambie nivumilie. Nimevumilia vya kutosha, na anayekosa hewa si mimi. Nishaurini, nifanye nini?