Taulo la Kumi na Tano

Mama Taulo alimwogopa meneja si haba, lakini bahari aliiogopa zaidi. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi hatua arobaini kutoka majini na hakuwahi kulowesha hata kisigino. Alianzia chumba cha kufulia, na mgongo ulipomchosha akahamishiwa kibanda cha mataulo, penye feni mbovu na kiti kizuri. Huko jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika kabisa.

Hoteli yenyewe ni ya wale ambao kila kitu wamekwisha kukilipia nyumbani kwao. Mgeni akifika hufungwa kibangili cha plastiki mkononi, na kuanzia hapo ni kula, kunywa na kulala. Kazi yake nzito kuliko zote ni kugeukia ubavu wa pili. Wakichoka kupumzika, maana kupumzika nako kunachosha, msibishe, hupelekwa matembezi: siku moja pango la popo, siku nyingine fungu la mchanga katikati ya bahari. Fungu hilo hutokeza maji yakipwa, na yakijaa hulioni tena mpaka kesho.

Safari ya funguni iliendeshwa na nahodha, mume wa binti yake Mama Taulo. Mkwe mwenye adabu, ila kichwa kigumu kama kisiki. Zamani alihesabu wageni kwa kidole, nao wakalalamika kwamba wanahesabiwa kama mbuzi. Mama Taulo ndiye aliyempa akili. Kila mgeni huondoka na taulo moja. Wakati wa kurudi, kila anayepanda boti hutupa lake kapuni. Mataulo yakitimia, watu wametimia. Meneja alisifu mpango huo mbele ya wafanyakazi wote, na Mama Taulo akavimba kichwa wiki nzima.

Siku hiyo wageni walikuwa kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa bibi mwembamba, mwalimu mstaafu, ambaye watoto wake walimtumia likizo kama mtu anavyotuma kifurushi. Wao wenyewe hawakuja. Siku nane alikuwa amelala chini ya mwavuli mmoja jirani na kibanda, na mazungumzo yao yalikuwa yamefika mbali, hadi kwenye wajukuu na magoti.

"Nenda leo, dada," Mama Taulo alimhimiza. "Utarudi nyumbani ukasimulie mwavuli?"

Bibi akacheka, akachukua taulo, akaenda. Nyuma yake mzee mmoja wa kitambi akaomba mataulo mawili, la pili la kufunikia upara. Sheria ilikataza. Lakini mzee alibembeleza kama mtoto, na Mama Taulo alikuwa na furaha asubuhi ile.

"Chukua, ila ufunge mdomo," akamwambia. Naye akaufunga wake, hakumwambia nahodha.

Saa kumi jioni boti ilirudi na kapu likaletwa kibandani. Akahesabu: kumi na manne. Akamwaga yote chini, akahesabu upya: kumi na manne. Alikuwa ametoa kumi na matano.

Kijasho chembamba kikamtoka. Akakaa kwenye kile kiti chake kizuri na kuanza kujidanganya. Upepo umelipeperusha. Mzee amelipeleka chumbani. Akisema, itabidi akiri kwamba yeye, mwenye mpango, ndiye aliyeuvunja, na meneja hana msamaha. Alikaa hivyo dakika kumi nzima. Kisha macho yake yakaenda kwenye mwavuli wa bibi. Kiti kilikuwa kitupu.

Alikimbia mapokezi, simu ya chumbani ikaita bila kujibiwa. Akakimbia ukumbi wa chakula. Akakimbia ufukweni, kanga ikimfunguka, hata aibu hana.

Nahodha alikuwa anaosha boti.

"Baba, yule bibi mwembamba umemshusha?"

"Mama, kapu lilitimia. Kumi na manne kamili."

"Nilitoa kumi na matano. Mzee wa kitambi nilimpa mawili."

Nahodha akaachia ndoo. Akatazama maji, akatazama saa, wala hakumlaumu, na hilo lilimtisha mama mkwe wake kuliko matusi. Maji yalikuwa yanajaa tangu saa tisa.

"Wewe baki, mama."

"Washa injini!" alisema Mama Taulo, na tayari alikuwa majini hadi magotini, anapanda na viatu vyake.

Njia nzima alishikilia ubao kwa mikono miwili. Boti ilirushwa juu, ikabwagwa chini, na tumbo lake likafuata kila mara. Alitapika mara mbili. Aliogopa kufa, alisema wazi kwamba anaogopa kufa, na kila aliposema hivyo alimwambia mkwewe aongeze mwendo.

Kisha nahodha akapunguza moto wa injini. Mbele yao kulikuwa na maji tu, kila upande.

"Lilikuwa hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Fungu lilikuwa hapa hapa."

Mama Taulo akaachia ubao, akasimama. Akaanza kuita, "Dada! Dada!" mpaka sauti ikamkauka. Walizunguka mara moja, wakazunguka tena, ndipo nahodha akaona kofia. Bibi alikuwa amesimama wima, maji yamemfika kifuani, hapungi mkono wala haiti. Nahodha akajitosa, akambeba na kumpandisha.

Mama Taulo alimvulia kanga, akamfunika, akamkumbatia. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi. Meno ya bibi yaligongana muda mrefu kabla hayajaruhusu neno kupita.

"Nilikuwa upande wa pili naokota makombe ya simbi," akasema. "Nikageuka, boti imekwenda. Niliogopa, dada, sikufichi. Lakini nikajiambia, yule wa kibandani ataona mwavuli wangu hauna mtu. Hatakaa hata dakika moja."

Nahodha alikuwa akitazama mbele, amekaza shingo. Mama Taulo akafungua mdomo aseme kweli, kwamba kilichomshtua kwanza ni taulo.

"Pole, dada," ndilo lililotoka.

"Asante kwa kunikumbuka," bibi akasema, akamlalia begani.