Fundi Fausta Hafungwi

Fundi Fausta wa kijijini Masieda hajawahi kukubali kushindwa, hata na malaria. Akiugua huitukana kwa sauti mpaka inaondoka. Mchezo wa chesi alifundishwa na masista, pamoja na cherehani. Enzi zao wasichana walicheza kwa roho mbaya. Dada yake Genoveva alimlia malkia wake mwaka themanini na sita, na mpaka leo wakipeana amani kanisani wanatumia vidole viwili.

Siku hizi ubao uko juu ya meza ya kukatia nguo, na mtoto akileta kitambaa cha sare sharti acheze naye kwanza. Miaka sita hajafungwa.

"Hawa watoto hawana uchungu," hulalamika. "Unamfunga, anacheka! Sisi tulikuwa tunalia siku tatu."

Mimi, ambaye suruali yangu iko kwake tangu Novemba, nilijua siri. Mara ya mwisho alipofungwa, na mwanafunzi mmoja, Tadei, cherehani ililala wiki nzima na darasa zima likafungua shule na viraka. Tangu hapo watoto walikubaliana: ukitaka sare, fungwa.

Januari hii alitoka kununua vifungo. Aliporudi alimkuta Loveness, mtoto wa kaka yake, akicheza na mwenzake Abel. Jana yake, mbele ya Fausta, msichana huyu alimsahau malkia wake katikati ya ubao kama mwavuli. Sasa alikuwa anamlia Abel farasi wa pili huku akitafuna karanga.

"Tufanye suluhu," Abel aliomba.

"Suluhu ya nini? Cheza!"

"Kumbe mimi unaniachia?" Fausta aliuliza mlangoni.

Loveness alisimama, macho chini. "Shikamoo shangazi. Nisamehe. Nilikuwa nataka sketi."

Ilimuuma. Nami, pamoja na suruali yangu, nilimwonea huruma. Ubingwa wa miaka sita, kumbe ni sadaka za watoto! Alikaa kwenye cherehani, akaishona ile sketi mpaka pindo, akaipiga pasi, akamrushia.

"Sasa huna cha kuniogopea. Kaa."

Hatua kumi na tisa tu, mfalme wa Fausta akakwama nyuma ya askari wake mwenyewe. Loveness hakucheka. Alinyoosha mkono kwa adabu, na Fausta akaushika kwa vidole vyote vitano, machozi yakimlengalenga.

Kisha akafunga kibanda. Jumatatu shule ilipofunguliwa, Loveness peke yake ndiye aliyeingia darasani na sketi mpya.