Nguzo ya Tatu

Mjomba wangu Bonaventura alilinda daraja moja kwa miaka ishirini na sita, na wasiwasi wa daraja hilo ulimkondesha. Lilikuwa daraja fupi la chuma la enzi ya Wajerumani, nyuma ya Katubuka, Kigoma, juu ya mfereji wa zamani unaopeleka maji kwenye tangi la mji. Chuma chake kilikuwa cha kumiminwa. Chuma hicho hakipindi kikakuonya. Kikichoka hukatika ghafla kama chungu. Ndiyo maana kila asubuhi mjomba aligonga nguzo moja moja kwa nyundo ndogo, ametega sikio. Nguzo isiyo na ufa hulia kama kengele. Sisi wapwa zake tulimwita Daktari, naye alikasirika kwelikweli.

Mwaka 1996 wakimbizi walishuka kwa maboti kutoka Zaire, na njia yao ya kwenda zahanati ikapita hapo. Daraja la watu watatu watatu likabeba umati, pamoja na magodoro na masufuria. Mjomba akapoteza hamu ya kula. Siku ya tisa akagonga nguzo ya tatu, ikatoa sauti ya gogo. Alipokwangua lami aliona ufa unaoingia ukucha, umejaa kutu ya miaka.

Lami ile aliipaka mwenyewe. Kila mwaka, wakaguzi wakikaribia, alilipaka daraja lote ling'are, akajisifu Kigoma nzima halina mwenziwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjomba aliuziba, tena vizuri, na hilo ndilo lililokuwa balaa.

Akafunga daraja kwa kamba. Hapo hapo wakaja wanaume wanne na machela, juu yake mwanamke anauma khanga kwa uchungu.

“Papa, utuachie tupite,” mmoja alisema. “Huyu mama iko karibu kuzala.”

“Nguzo imepasuka, ndugu yangu. Mtaanguka naye.”

“Mbona tunaona ni zima?”

Kweli daraja lilimetameta. Maji ya mfereji yalifika kifuani, na ndiyo mji uliyokunywa. Mjomba akapanda kwenye lango la kuzuia maji, akazungusha gurudumu lake mpaka lango likafungika. Mfereji ulipokauka, machela ikavuka kwenye tope, na umati ukaifuata.

Mtoto alizaliwa salama. Mji ukakaa siku tatu bila maji, mpaka mfereji usafishwe, nasi tukamsema mjomba vibaya. Mimi nilimfuata hadi kwake, ndoo ya maji ya ziwa kichwani, nikamwambia uzee umemvuruga. Wakaguzi nao wakaja, wakarukaruka juu ya daraja, wakacheka. Wiki hiyo hiyo akaachishwa kazi, kamba ikafunguliwa, na lami mpya ikapakwa.

Tangu hapo alishinda ukingoni, akitazama wanaovuka. Siku moja mkewe, Rozalia, alinituma nimpelekee chakula. Nikamkuta midomo inacheza.

“Shikamoo, mjomba. Unaomba nini?”

“Marahaba. Naomba lianguke,” alisema. “Sasa hivi, likiwa tupu.”

Niliona haya, na kwa mara ya kwanza nikaogopa anachokiogopa. Wanawake saba walikuwa wanakuja na mizigo ya kuni. Nikaweka sahani chini, nikasimama katikati ya njia, nikawasihi wapite mmoja mmoja.

Walinicheka sana, lakini walipita mmoja mmoja.