Jumamosi ya Boti, Mto Ulipotuacha

Kazi yangu ni kusoma mto. Asubuhi na jioni nashuka hadi kwenye ubao mweupe wenye namba uliosimikwa majini karibu na daraja letu, kati ya Kiganjo na Karatina, naangalia maji yamefika wapi, naandika kwenye kitabu, kisha natuma kwa simu kwa watu wa maji. Ni shughuli ya dakika kumi. Majirani wananijua kama mkulima wa kahawa ambaye ana tabia ya kusimama mtoni na kuyakodolea maji macho.

Kwa hivyo waandalizi wa mbio za boti walipofika, mimi ndiye nilitafutwa kwanza. Walitaka kujua kama mto una kina cha kutosha. Chini kidogo ya daraja kuna ukuta wa saruji uliojengwa zamani, na nyuma yake mto hupanuka na kutulia kwa mwendo wa karibu kilomita nzima. Lango la ukuta huo lilioza kitambo, likabaki tundu wazi chini. Maji yanayoingia juu ndiyo yanayotoka chini, na kwa miaka yote niliyosoma ule ubao sikuwahi kuyaona yakishuka kupita kiasi, hata wakati wa kiangazi. Niliwaambia mto huu hauna maneno.

Wakaja na boti zao Jumamosi moja ya msimu wa mvua. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha kule juu msituni, na niliposoma ubao asubuhi maji yalikuwa yamepanda kidogo, kama nilivyotarajia. Boti zilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiria, za mbao nyepesi, tumbo bapa, injini nyuma. Dereva hakai. Anapiga magoti ndani yake, kifua mbele, mkono mmoja kwenye usukani. Boti ikishika kasi inainuka hadi unaona mwanga kati yake na maji, na kinachogusa mto ni ncha mbili za pembeni na propela peke yake. Kelele yake ilijaa bonde lote. Watu walitoka Karatina, Nyeri mjini, hadi Mweiga. Wafanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki walileta mbuzi, wakawasha majiko kwenye uwanja wa shule ulio juu ya kilima. Mimi nilikaa kwenye nyasi za ukingo na mahindi yangu ya kuchoma, na nakiri nilifurahi. Sikuwahi kuona watu wakiushangilia mto wetu.

Mbio mbili zilipita salama. Kabla ya mbio za tatu injini zilizimwa zote ili boya moja lililolegea lifungwe upya, na mtangazaji naye akanyamaza anywe maji. Hapo ndipo niliposikia kwamba kuna kitu sisikii.

Ilinichukua muda kukijua. Maji yanayoangukia upande wa pili wa ule ukuta yana mvumo ambao nimeusikia tangu nizaliwe. Nikiwa shambani nausikia. Nikiwa kanisani, wakati wa maombi ya kimya, nausikia. Sasa haukuwepo. Niliangalia walioketi karibu nami. Walikuwa wakicheka na kutafuna, hakuna aliyegeuza kichwa. Hata vyura wa kwenye matete walikuwa kimya.

Niliinuka nikaenda kwenye ubao. Maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye namba ambazo sikuwahi kuziona. Namba za juu zimefifia kwa jua na mikono ya watoto, lakini hizi za chini zilikuwa nyeusi na safi kama zimepakwa rangi jana. Nilipokuwa nikizitazama, nyingine ikatokea. Niliandika saa na kipimo.

Nilimpigia msomaji mwenzangu wa juu, mwalimu mstaafu ambaye ubao wake uko karibu na msitu, mwendo wa saa nyingi kwa maji kutoka kwetu. Aliniambia kwake mto ulikuwa umekatika tangu kabla ya jua kuchomoza. Yamebaki madimbwi. Hakuwa ametuma kipimo kwa sababu alidhani ni macho yake ya uzee, na alikuwa akimngoja mjukuu wake aje athibitishe. Nikamuuliza kama mvua imekatika. Akasema bado inanyesha, tena kubwa.

Aliyekuwa akisimamia usalama majini ni askari polisi wa kituo chetu, mtu wa kutoka kando ya ziwa kule magharibi, aliyepewa boti ya uokoaji kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuogelea vizuri. Nilimkuta akivuta boti yake kwenye tope. Nilimweleza nilichoona na nilichoambiwa. Aliutazama mto, kisha akatazama mlima unakotoka mto wetu, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu kabisa.

"Maji hayapotei, mama," akasema. "Yamekaa mahali."

"Mahali wapi, afande?"

"Hiyo sijui. Lakini yakichoka kukaa, yatapita hapa."

Wakati huo mbio za tatu zilikuwa zimeanza. Boti nyekundu iliyoongoza ilipinda kwenye boya la juu, tukasikia mlio wa chuma kugonga jiwe, ikasimama ghafla. Dereva wake akatupwa mbele, akaangukia maji ya kufika magotini. Watu wakacheka. Dakika chache baadaye katikati ya mto kukatokea mstari wa mawe makubwa, yamepangwa sawasawa kutoka ukingo huu hadi ule. Kilikuwa kivuko. Kuna wazee wa miaka tisini pale kijijini na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimulia habari zake.

Halafu watu wakaanza kushuka. Kambare walikuwa wakijipigapiga kwenye tope, na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, walikuwa wakitambaa, wote wakielekea upande mmoja, kwenye ukingo. Wanawake walifunga leso viunoni wakaokota. Watoto walikimbia juu ya kivuko. Mtangazaji aliwatania kwa kipaza sauti kwamba leo mto umeamua kutoa zawadi. Nilimwendea nikamwomba awatoe watu. Akaniambia kwa upole kwamba akitangaza hatari watu watakanyagana, na kwamba kwa macho yake hatari ni maji mengi, si maji machache. Ningemwonyesha nini, namba?

Nilirudi kwa afande nikamwambia watu hawa hawatatoka kwa kutishwa, watatoka kwa kuitwa. Akanielewa mara moja. Alipanda jukwaani na magwanda yake, akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba wenye mbuzi wameamua kugawa nyama bure kule uwanjani, kila mtu aje na watoto wake, wasio na watoto hawatapewa. Ulikuwa uongo mtupu, na mimi ndiye niliyeutunga. Tena mimi huimba kwaya kanisani. Niliwatazama wakipanda kilima na samaki wao mikononi, wakiitana, na sikujuta.

Dereva wa boti nyekundu alibaki. Alisema ameijenga boti hiyo kwa mikono yake kwa miaka miwili na hawezi kuiacha kwenye mawe. Afande hakubishana naye. Alimshika kwa ukosi wa jaketi lake la kuelea, akamburuta hadi ukingoni huku akimwomba msamaha njia nzima.

Kisha hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kuliko zote. Tulisimama watu watatu juu ya ukingo, mimi, afande na yule dereva aliyejaa tope, tukitazama mto mtupu. Maboya yalikuwa yamelala kwenye matope, kamba zao zikiwa zimelegea. Boti tano zilikuwa zimekaa chini zikiegemea upande mmoja. Kule juu nilisikia watu wakianza kulalamika kwamba hakuna nyama ya bure, na sauti za wachache waliokuwa wakisema warudi kwenye samaki. Nusu saa ikapita. Nilianza kufikiri kwamba nimechanganyikiwa, kwamba mwalimu naye amezeeka, na kwamba Jumapili nitakaa kanisani nikisikia minong'ono nyuma yangu.

Dereva ndiye aliyeuliza, "Ni nini hiyo inanuka?"

Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na ya miti iliyopasuliwa, kama msumeno umepita karibu. Kisha ukaja upepo. Ulishuka kwa kufuata mkondo, ukayalaza matete, lakini majani ya mikahawa yangu, hatua ishirini kutoka pale, hayakutikisika. Afande akatushika mikono, tukapanda kuelekea kilimani.

Maji hayakuja kama ukuta. Yalikuja mazito, ya rangi ya kahawia, yakijisukuma kama tope linalochemka, na juu yake miti mizima, mingine bado imesimama wima na mizizi yake. Boti ziliondoka moja baada ya nyingine bila mlio wowote niliousikia. Daraja lilitetemeka, lakini lilibaki. Ubao wangu ulikwenda. Kule juu mamia ya watu walikuwa wakitazama, wengine bado wameshika samaki.

Katikati ya miti hiyo nikaona kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa imefungwa kati ya nguzo mbili zilizoshikiliwa na kipande cha ardhi chenye nyasi, na nguo zilikuwa bado zimebanwa: shuka, sweta ya shule ya kijani, suruali ya mtoto. Zilikuwa kavu. Kipande hicho kilipita mbele yetu polepole kikizunguka, kikapotelea kwenye kona ya mto. Afande aliona. Dereva aliona pia.

Hakuna aliyekufa, wala hakuna aliyeripotiwa kupotea, si kwetu wala kwa jirani zetu wa chini. Mwalimu alienda nyumba kwa nyumba kando ya mto wake wote akiulizia kamba ile. Hakupata boma lililopoteza nguo, wala shule yenye sweta za kijani.

Wiki tatu baadaye mwalimu na mimi tulipanda msituni na askari wa wanyamapori kuona mahali penyewe. Upande mmoja wa bonde ulikuwa umeporomoka na kuziba mto, na kwa saa zile zote nyuma yake lilikuwa limejaa ziwa. Sasa lilikuwa limeondoka, na alama yake ilibaki kwenye miti, mstari mnyoofu wa tope kuzunguka bonde lote. Mwalimu alinyoosha fimbo yake juu kadiri alivyoweza. Hakuufikia. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Kwenye tope la mteremko tuliona nyayo za ndovu, wengi, wakubwa kwa wadogo, zimeshuka pamoja hadi pale ukingo wa lile ziwa ulipokuwa, na hapo zote zilikuwa zimegeuka kurudi.

Askari alituambia tusikae sana. Tulishuka hadi tulipoona mashamba ya chai, na hapo mwalimu akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna uji.