Kaseti Isiyoingia Popote

Gregori mchongaji hakuwa mtu wa kukaa. Pale Mwenge, kwenye soko la wachongaji, wenzake walikunja miguu juu ya magunia tangu asubuhi hadi jioni, lakini yeye alichonga sikio moja la tembo akainuka, akaenda kunywa maji wala hana kiu, akarudi, akapima makali ya patasi kwa kidole gumba, akainuka tena. Walimwita Siafu. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na ufundi anao kweli, hilo hata wenye wivu walikubali. Ila chini ya meza yake kulikuwa na kundi zima la wanyama wasio na miguu, ambao hata mtalii mwenye huruma hakuwataka.

Hakuzaliwa hivyo. Maradhi hayo yalimwanza mwaka themanini na tisa, siku mdogo wake Didas alipozamia meli. Vijana wengi wa Dar walizamia miaka ile. Unaruka ukuta wa bandari, unajificha katikati ya magunia ya kahawa, unamwomba Mungu ufike Ugiriki au Marekani kabla hawajakuona. Kuna waliofika, na kuna ambao ilisemekana walitoswa baharini. Aliyemsindikiza Didas hadi ukutani ni Gregori mwenyewe. Alimbebea mkate na galoni la maji, kisha akampandisha mabegani ili auvuke. Mama yao, Yuliana, alilijua jambo hilo na hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Gregori angepata nafuu kama angelaumiwa.

Ikapita miaka minane bila barua, simu wala salamu. Ilipofika tisini na saba, wanajumuiya wenzake mama kule Mwananyamala wakaanza kumsihi polepole: mama Gregori, mtoto gani akae miaka minane asimwandikie mamaye? Mwache apumzike, msomee misa. Mama alikataa, akakataa, mwishowe akachoka. Misa ya marehemu Didas ikaandikishwa kwa katekista, isomwe Jumapili asubuhi.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo ndipo alipotokea Badru. Huyu alikuwa baharia mwenye vyeti vyake, mtu wa Temeke, si mzamiaji. Alifika Mwenge akauliza Gregori ni yupi, kisha akatoa kwenye begi kaseti ya gemu, plastiki ya kijivu, pana kuliko kiganja. Juu yake ilibandikwa karatasi: GREGORI, WACHONGAJI, MWENGE. Mwandiko haukuwa wa Didas.

"Mie mwenyewe sikumwona mwenye mali," Badru alisema. "Nimepewa Durban na jamaa mmoja wa Tanga, naye kapewa na mwingine. Ulikuwa mfuko, braza. Nguo, viatu, hata barua ilikuwamo. Kila mkono uliopitia, mfuko ukapungua. Hii imefika kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kila mtu kaijaribu kwenye mashine yake, haiingii."

"Barua iko wapi?"

"Ilikuwa mfukoni mwa koti. Aliyelichukua koti kaondoka nayo."

"Na mfuko ulitoka lini kwa mwenyewe?"

"Mwaka juzi, nilivyoambiwa. Lakini huyo mwenyewe kama ni ndugu yako au mtu mwingine, siwezi kukuapia."

Tangu hapo tembo hawakupata hata sikio. Gregori, ambaye hajapata kushika gemu maishani, alizunguka na kaseti yake mabanda yote ya gemu aliyoyasikia. Alikwenda Ubungo, akavuka hadi Temeke, akarudi Magomeni. Kote kaseti iligoma mlangoni, ama kwa upana wake ama kwa umbo lake, na watoto wakamcheka mzee mzima anayetafuta kucheza. Lakini mwenye banda wa Magomeni alimwambia neno lililomnyima usingizi. Kaseti za aina ile zina betri ndogo ndani. Mchezaji akiandika jina lake, jina linabaki humo miaka, pamoja na hatua aliyofikia.

Basi jambo likawa ni hilo moja. Kama humo ndani mna jina la Didas, kaseti ni yake, na mwaka juzi alikuwa hai. Kama hamna, Jumapili wapige magoti wamwombee marehemu. Na siku zenyewe zilikuwa zinakimbia, maana ilikwisha kuwa Alhamisi.

Alhamisi hiyo mchana akafika Kinondoni kwa Talha. Talha alikuwa kijana wa ukoo wa pwani, waliokuwa na nyumba pale kabla barabara haijaona lami, na banda lake la gemu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yake. Watoto hawakuwapo, kwa kuwa umeme wa mgao ulikuwa haujarudi. Aliigeuza kaseti mara moja tu.

"Ya Marekani hii," akasema. "Mashine yangu ya kazi imetoka Dubai, haiwezi kuisoma hata ukiisokomeza. Hawa jamaa kila upande wa dunia wameuwekea kufuli lake, ili ununue kwao tu."

"Na mtu akihama na kaseti yake?"

"Hilo halikuwahusu."

Gregori akainuka kwenye benchi, akazunguka chumba, akarudi. Talha akamwonea imani kidogo.

"Ninayo nyingine, mtumba wa Japani, ile pale chini ya meza. Mjapani na Mmarekani kwa ndani wanasomana, wanachokosana ni mdomo tu. Mjapani kaupinda mdomo wake, na kaseti yako ina mabega mapana. Halafu kwenye televisheni yangu inatoa picha isiyo na rangi, inapanda juu haitulii, ndiyo maana nimeitupa huko. Ila kwa leo itatufaa. Tunaivua kaseti ganda, tunaiingiza uchi."

Kabla Gregori hajaelewa, kijana alikwisha kupasha bisibisi kwenye jiko la bibi yake na kuichomeka kwenye skrubu ya kaseti. Plastiki ikaanza kunuka. Gregori akaipokonya.

"Hiyo betri ikicheza, je?"

"Majina yanafutika. Lakini sidhani itacheza, braza."

"Hudhani."

"Sasa unataka niukate mdomo wa mashine yangu mimi? Ina mtu wa Mbagala anakuja kuichukua Jumamosi."

Ndipo mtu asiyejua kukaa akakaa. Akamweleza Talha yote, ukuta wa bandari, galoni la maji, mfuko uliopungua njiani. Hakujipamba. "Mie ndiye niliyempandisha," akasema. "Jumapili tunamwombea marehemu mtu ambaye sijui kama amekufa."

Talha aliinama chini ya meza, akaitoa mashine ya Kijapani, akaipangusa vumbi kwa shati lake na kumwekea Gregori mapajani.

"Kata. Ukiivunja, ndo imevunjika."

Gregori alitoa kwenye mfuko wake patasi ndogo kabisa, ile ya kuchongea kucha za simba, na tupa nyembamba. Alifungua kifuniko cha mashine akakiweka mbali na vyuma vya ndani, kisha akaanza kuutanua mdomo. Plastiki haikuwa mpingo. Haina mishipa, haikuambii inataka kupasukia wapi, na ukiikosea haisamehe. Aliinyoa kidogo kidogo, akapuliza, akapima kwa kaseti, akanyoa tena. Jasho lilimtiririka machoni na hakuinuka kulifuta. Saa nzima na nusu ilipita, na angekuwapo mchongaji mmoja wa Mwenge kumwona amekaa muda wote huo, asingeamini kuwa ni Siafu.

Kaseti ikaingia. Ikaingia vizuri, bila kusukumwa, na Talha akakiri kuwa hata kiwandani wasingefanya safi hivyo. Sasa ikabaki kusubiri umeme, na hapo uvumilivu ukamwisha Gregori. Alitoka nje, akaingia, akauliza saa mara sita. Moyo ulikuwa unamwambia arudishe kaseti mfukoni aende zake, kwa sababu kutojua kulikuwa na uchungu lakini kulikuwa na nafasi ndani yake.

Saa nane na dakika chache redio za majirani zikalipuka kwa pamoja. Talha akaunganisha mashine kwenye transfoma yake, umeme wa Japani ukiwa mdogo kuliko wetu, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Kisha muziki ukaanza, na picha ikatokea, ya kijivu, inapanda juu mfululizo, inaingia darini na kuchomoza chini. Talha akabonyeza mara mbili tatu, orodha ya majina ikaja, nayo ikapanda na kupotea kabla jicho halijaishika.

"Isimamishe," Gregori alisema. Uso wake ulikuwa karibu kugusa kioo.

"Kirungu chake kiko nyuma. Subiri."

Talha alipitisha mkono nyuma ya televisheni, akazungusha. Picha ikaenda mbio zaidi. Akazungusha upande wa pili, ikapunguza mwendo, ikayumba, ikasimama.

Ilikuwa mistari mitatu. Wa juu uliandikwa DIDAS. Wa kati ulikuwa mtupu. Wa chini uliandikwa YULIANA.

Gregori alishika ukingo wa meza. Furaha na woga vilimpanda pamoja, hakujua kipi atangulize. Talha akamsomea yaliyobaki, kwa kuwa yalikuwa Kiingereza: Didas amefika hatua ya thelathini na moja, amekufa mara kumi na mbili. Yuliana yuko hatua ya pili, amekufa mara themanini na saba.

"Yuliana nani?"

"Mama yetu."

"Kumbe kamwandika bi mkubwa kwa kumkumbuka." Talha akatazama tena, na hapo akazungumza kama mtu aliyeangalia wachezaji miaka mitatu kila siku. "Hapana, braza. Mara themanini na saba, na hajatoka hatua ya pili? Mtu mzima angeshaachana nayo zamani. Huyo mtoto. Watoto ndo wanakufaga hivi, halafu wanarudi tena."

Kesho yake, umeme uliporudi, mama Yuliana alikuwa kwenye benchi la Talha, kitenge kipya, miwani ya kuazima. Talha alimwamkia shikamoo, akawaambia watoto wampishe bibi. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na alisoma kwa kufuata herufi kwa kidole hewani. Alilisoma jina la mwanawe, kisha jina lake mwenyewe, mara nyingi. Gregori akamweleza ni la nani. Alipofika kwenye habari ya kufa mara themanini na saba, mama aliuliza ni nani anayemwacha mtoto mdogo ahangaike hivyo bila kumsaidia.

Walitoka barabarani jua likiwa kali. Mama alitembea haraka kuliko kawaida yake.

"Pita kwa katekista," akasema. "Misa isomwe, ila afute lile neno marehemu. Aandike ni ya shukrani, kwa ajili ya mjukuu."

Gregori alikubali, akatembea hatua chache, kisha akasimama katikati ya watu. Hasira ilimjia, hasira nzima ya miaka minane, kwa huyu Didas mwenye mtoto na televisheni na muda wa kufika hatua ya thelathini na moja, aliyeona barua moja tu inatosha, tena akaitia kwenye mfuko wa koti. Akamtukana kwa sauti. Lilikuwa tusi la nguoni, la kwanza tangu siku ya ukutani, kwa sababu muda wote huo alihofia kumtukana marehemu. Wapita njia wakageuka. Alipomkumbuka mama aliyekuwa pembeni yake, aliinamisha kichwa kungoja kukemewa.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Mtukane tena," akasema. "Hilo liwe langu."