Chai ya Mjomba kwenye Chuma cha Mama

Mjomba wangu ana ugonjwa ambao hospitali hazijapata dawa yake: ujuaji. Ukimwambia mvua inanyesha, atakueleza ilivyopaswa kunyesha. Ni kaka mkubwa wa mama, na kwetu Bomet kaka mkubwa hajibiwi, basi amezeeka bila kukatizwa hata mara moja.

Mama aliteleza shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitalini wakamwekea chuma ndani cha kuushika. Daktari alimruhusu kwenda nyumbani na agizo moja, kwa Kiswahili rahisi kabisa: kidonda kikae kikavu, na kikitoa maji mrudi mbio.

Siku hizohizo msichana wa chuo kikuu alikuja kituo cha kununua majani kuongea na wakulima. Nilikuwepo. Alieleza polepole kwamba wanachemsha majani ya chai, wanachanganya na chumvi ya madini ya fedha, zinatokea chembe ndogo ajabu, wanaziita nano, jicho haliwezi kuziona. Chuma cha mifupa kikipakwa hizo kabla ya kuingia mwilini, huenda vijidudu vikakosa pa kujishika. Akarudia: huenda. Bado wanajaribu maabarani, hakuna mgonjwa aliyewekewa. Hata waliokuwa wakisinzia juu ya magunia walielewa. Mjomba alisikia maneno matatu: chai, chuma na nano.

Mimi nafanya kazi Londiani, narudi nyumbani wikendi. Jumamosi hiyo naingia, lo! Bandeji iko juu ya kiti, mjomba amepiga magoti na sufuria ya chai ya rangi iliyopoa, anammwagia mama kwenye mshono kwa kikombe. Hakuweka sukari, akanihakikishia, eti nimpongeze.

"Nyinyi mliosoma mnadharau vitu vyenu," akasema. "Hii ni nano."

Nano! Mtu ambaye hata uji humshinda.

"Mama, na wewe ulikubali?"

Akaangalia chini. "Ni kaka yangu."

Alikuwa akimwagiwa tangu Jumatatu, na usaha ulishaanza kutoka. Hospitalini walisema vijidudu vimeshika mpaka kwenye chuma. Kikatolewa. Mama akalala wodini mpaka akazoea kelele zake. Mguu haukukatwa, namshukuru Mungu, lakini goti halikunjiki tena. Mchuma chai bila goti, kwenye ule mteremko wetu, ni mtu wa kukaa mlangoni akitazama wengine wakichuma majani yake. Nilimchukia mjomba, na bado namchukia. Kanisa litanisamehe likipata nafasi.

Na yeye? Mwezi uliopita alitua na wanaume wawili kutoka Chebunyo. Njia nzima alikuwa amewaambia dada yake aliokolewa na chai. Tukawapa viti, na mama, akiwa amekaa, akawamiminia chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Dada," mjomba akasema, "hebu waonyeshe."

Nikafungua mdomo. Mama akaniinulia mkono ninyamaze. Akaweka thamosi chini, akapandisha leso mpaka kwenye kovu, akajaribu kukunja goti mbele yao. Likakataa. Wale wanaume wakashikilia vikombe bila kunywa.

"Hii ndiyo chai ya kaka yangu," akasema, akiishika tena thamosi. "Nani nimwongeze?"