Jirani Mgema Guguli

Jirani yangu anayegema guguli, utomvu wa vichaka vya jangwani unaotuliza maumivu ya viungo, hajui kutulia. Chai huinywa amesimama mlangoni, macho jangwani, na katikati ya maneno huchomoa miiba viganjani kwa meno. Wazee wenye magoti mabovu huishi kwa utomvu wake, lakini kila kichaka hukichanja kidogo tu, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Juzi asubuhi, yeye, mimi na wanawake wengine wa kijiji tulimkuta mchuuzi Khetaram amevipasua vichaka kwa shoka na kuvipaka dawa kali, ili vitoe utomvu wote mpaka vikauke. “Jangwa la Mungu hili, mama. Au una hati yake?” akamcheka. Jirani yangu alivua mtandio akaanza kuifuta ile dawa, akikimbia kichaka hadi kichaka, miiba ikimchana. Mtandio ulipoloa, akafuta kwa mikono mitupu. “Dada, vidole vinakutoka malengelenge!” nikapiga kelele. “Basi lete vyako,” akasema bila kugeuka. Nikaenda. Wanawake wengine wakafuata mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mke wa Khetaram, mtandio tayari mkononi, akampita mumewe bila kumtazama.